Mshale na Visanduku Vyake

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Karakanani walimwita mtu huyu Mshale, wala hakulipata jina hilo kwa wepesi wa miguu au ukali wa macho. Alilipata kwa sababu hakuweza kueleza jambo lolote bila kuchora kisanduku, kisanduku cha pili, na mshale kati yavyo. Ukimuuliza choo kiko wapi, anatafuta kalamu.

Hakuzaliwa hivyo. Mama yake alikuwa mshonaji, baba yake alifundisha hesabu, na yeye alisoma kwa bidii ya mtu anayejua kwamba akili peke yake haitamfikisha. Akawa mhandisi wa kawaida katika karakana inayotengeneza pampu za maji za mji. Nasema wa kawaida bila kumtukana. Mji hunywa maji kwa jasho la watu wa kawaida. Alikuwa na meza kando ya dirisha lenye vumbi, kiti ambacho mguu wake mmoja ulifungwa waya, na kazi ya kukagua pampu kabla hazijarudishwa kwenye visima. Alipoinama juu ya pampu alinyamaza, na akinyamaza alipendeza. Mikono yake ilikuwa mizuri. Ilipita juu ya chuma polepole, kama mikono ya mtu anayemtafutia mtoto mwiba.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: aliyefunga ndiye awashe. Fundi aliyekaza boli ya mwisho ndiye aliyesimama kando ya pampu siku ya kuijaribu, akabonyeza swichi kwa kidole chake mwenyewe, huku wenzake wamerudi nyuma. Mtu akijua kwamba kesho yeye ndiye atakayesimama pale chuma kikianza kunguruma, hukaza boli kama anayemfunga mwanawe mkanda.

Sheria hiyo ilikuwa na ubovu wake, na ni haki kuusema. Fundi akiugua, pampu ilimsubiri apone, na mitaa mizima ilisubiri pamoja nayo na ndoo mkononi. Tena Mama Nyapara, mwanamke mnene mwenye sauti ya msumeno aliyewaongoza mafundi, aliitumia sheria hiyo kama fimbo. Aliyemkosea alipewa pampu kongwe kuliko zote aifunge, halafu aiwashe mbele za watu.

Ndipo akaja Mkurugenzi mpya, mtu wa maneno mapana na viatu vyembamba. Alizunguka karakana mara moja tu, akiwa ameinua suruali isiguse sakafu, kisha akatangaza kwamba mahali hapo panahitaji mabadiliko. Hakusema mabadiliko gani. Aliagiza mtu mmoja apelekwe mafunzoni akajifunze hayo mabadiliko ni nini, na akateuliwa mhandisi wetu. Sababu yenyewe ni kwamba juma lile yeye peke yake hakuwa na pampu iliyofunguliwa. Vyeo vingi duniani hupatikana hivyo, ila wenye vyeo hawasimulii.

Alirudi na mkoba mpya na sentensi moja: "Mabadiliko hayaepukiki." Akafanywa Kaimu Meneja wa Mabadiliko. Neno Kaimu lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Mkurugenzi alimwahidi kuling'oa siku ambayo wajumbe wa bodi wangekuja, wakaona pampu kubwa ikiwashwa kwa utaratibu mpya, wakaridhika.

Mshale alichora utaratibu mpya kwenye karatasi iliyofunika ukuta mzima. Palikuwa na kisanduku cha kufungua, cha kusafisha, cha kufunga, cha mabomba na cha kuwasha. Kisanduku cha mhandisi wa ukaguzi, yaani chake yeye mwenyewe cha zamani, alikifuta. Aliona hakuna atakayekikalia, maana aliyekuwa humo amepanda. Mkurugenzi alimpiga bega. "Umeanza kujikata mwenyewe. Huo ndio uongozi." Mshale akavimba kichwa siku nzima, na jioni akaja kulisimulia jambo hilo nyumbani.

Mkewe aliuza dawa katika duka la dawa, na alizoea kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti.

"Na wakikukataa, unarudi wapi?" aliuliza.

"Hawawezi kunikataa."

"Sijauliza wanaweza nini, baba watoto. Nimeuliza unarudi wapi."

"Nafasi ile haipo tena kwenye muundo."

"Nani kaiondoa?"

Mshale alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua macho.

"Mwanangu, nilikuoza kwa fundi," alimwambia bintiye. "Naona sasa unakaa na ubao."

"Mama mkwe, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Mtu kukata tawi alilokalia? Hata nyani hajalisomea hilo."

Basi mabadiliko yakaanza. Karakana ikaitwa Kituo cha Suluhisho. Matatizo yalipigwa marufuku, zikaruhusiwa changamoto. Mama Nyapara akaambiwa yeye si nyapara tena, ni mwezeshaji. Alijibu kwamba mshahara ukibaki palepale, wamwite hata bibi harusi. Kila asubuhi mafundi walisimama duara kueleza watafanya nini, na wakimaliza kueleza, miguu ilikuwa imechoka kufanya. Sakafuni, kuzunguka jukwaa la kujaribia pampu, ulichorwa mstari wa manjano. Ndani ya mstari walikanyaga watu wa kikosi cha kuwasha tu, nao walivalishwa makoti ya buluu ili wasichanganywe na watu wanaochafuka.

Mama Nyapara alimfuata ofisini siku rangi ile ilipokuwa bado mbichi.

"Mkubwa, aliyefunga ndiye awashe. Hilo umeliacha?"

"Hiyo ni mila, mwezeshaji. Sisi sasa ni watu wa mfumo."

"Mfumo ndio utakaosimama kando ya pampu?"

"Pampu haiwezi kumsubiri mtu mmoja apone mafua. Kazi inatoka kisanduku hiki, inafuata mshale, inaingia hiki. Hakuna mtu anayetegemewa peke yake."

"Wala anayeulizwa."

"Mwenye wasiwasi atakuambia wewe. Wewe utawaambia wa kuwasha. Iko hapa, tazama."

Mama Nyapara aliutazama mshale huo mdogo kwa heshima kubwa mno, heshima ya mtu anayetazama jeneza la adui. "Sawa kabisa, mkubwa," alisema, akatoka.

Na hapo ndipo Mshale alipokosea kusoma watu. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Mafunzoni walimfundisha njia za kuushinda ubishi. Hakuna aliyemfundisha cha kufanya na utii. Mafundi wale walimvisha kilemba cha ukoka, wakakikaza vizuri kisianguke. Kila alichosema kilikuwa sawa kabisa, mkubwa. Mtu wa kusafisha alisafisha, akaketi. Nati ikimwangukia mguuni mtu wa kufungua, aliiacha palepale, kwa kuwa kuokota hakukuwa kwenye kisanduku chake. Waliufuata utaratibu kwa uaminifu ambao haujawahi kumjenga mtu, na kwa siri walikuwa na furaha. Kumbe ni raha kutokuwa na lawama. Usidhani walikuwa wakiitetea kazi yao, walikuwa wakiipumzikia.

Matokeo yake, mchana wa siku iliyotangulia ziara ya bodi, pampu kubwa ilikuwa bado iko wazi. Kisanduku cha kusafisha kilikuwa kimechelewa kupeleka mshale. Kengele ya kutoka ikalia, na mafundi wa kufunga wakavua ovaroli.

"Jamani, mnaniacha hivi?" Mshale aliuliza.

"Tungekaa, mkubwa," alisema Kijiko, fundi wa mabomba, mrefu mwembamba mwenye kichwa kipana, aliyepewa jina hilo na mtu mwenye macho. "Ila muda wa ziada unaombwa kwa mwezeshaji, naye anauomba kwako, nawe unamwomba Mkurugenzi. Tukianza kuomba sasa hivi, bodi itatukuta bado hatujajibiwa."

Waliondoka wakiagana vizuri.

Jua la alasiri lilikuwa likiingia kwa madirisha ya juu, likilala juu ya chuma kama nguo iliyoanikwa. Mshale alisimama. Kisha akavua koti la mikutano, akalitundika kwenye ndoano, akakunja mikono ya shati. Alianza kwa hasira, akaendelea kwa haraka, na baada ya muda hasira na haraka vyote vikamtoka asijue vimekwenda wapi. Aliweka beringi mahali pake, akasikia ule mwingio laini ambao hauna jina katika mafunzo yoyote. Aliteremsha mfuniko, akazungusha boli kwa vidole kwanza, kila moja na ya mkabala wake, ndipo akashika spana. Kwenye mdomo wa juu wa pampu, pale bomba litakapounganishwa, alisukuma tambara ndani ili nati isije ikateleza ikatumbukia. Ndivyo alivyofundishwa ujanani na ndivyo wafanyavyo wote. Ukimaliza, unalitoa. Alikuwa akipiga mluzi.

Simu ikalia. Ni Mkurugenzi, akitaka kujua kama viti vya wageni vimevalishwa vitambaa. Havikuwa vimevalishwa. Mshale alikaza boli ya mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kutafuta ufunguo wa stoo ya vitambaa vya viti. Kuvivalisha kukamchukua mpaka jua likazama, kwa sababu vilikuwa vidogo.

Nyumbani mkewe aliona weusi chini ya kucha zake, akatabasamu kabla hajajua kwa nini.

"Leo umefanya kazi," alisema.

"Nafanya kazi kila siku."

"Leo umefanya kazi," alirudia mkewe, akamwongezea mboga.

Asubuhi wageni walikuja, wakaketi kwenye viti vilivyovaa nguo za kubana. Kijiko na wenzake walikuwa wamekwisha kuunganisha bomba. Pampu ilisimama jukwaani ikiwa imepakwa rangi mpya. Nje ya mstari wa manjano walipangwa mafundi, mikono nyuma, mfano wa watoto wanaosubiri kupimwa minyoo. Ndani ya mstari, mtu wa koti la buluu alisimama karibu na swichi na kuelekeza macho mbali, kama alivyoelekezwa, ili picha zitoke vizuri.

Mkurugenzi alisema kwa urefu. Kisha akamwita Mshale, naye akasimama mbele ya karatasi yake kubwa na kijiti mkononi, akawatembeza wageni kutoka kisanduku hadi kisanduku. Alikuwa akieleza vizuri. Mwenyekiti wa bodi alitikisa kichwa kwa kukubali, na Mkurugenzi alipoona kichwa kile kikitikisika, alimnong'oneza Mshale kwa pembe ya mdomo: "Barua yako iko mezani kwangu." Mfupa ukalegea kooni.

Mjumbe mmoja, mama mzee wa miwani minene, aliinua kidole.

"Visanduku nimevielewa, kijana. Huu mshale hapa, kati ya kufunga na kuwasha. Huu ni wa nani?"

"Mshale ni uhusiano tu, mama."

"Najua. Nauliza, kikidondoka kitu hapo katikati, nani anaokota?"

Mshale alicheka kidogo, akageuka achore jibu kwenye ubao uliokuwa pembeni. Ubao ulikuwa umejaa. Akatafuta kitambaa cha kufutia, hakukiona, akapapasa mfuko wa nyuma wa suruali, pale ambapo miaka yote alizoea kurudisha tambara lake kazi ikiisha.

Mkono ukabaki mfukoni.

Aliliona tambara lile lilipo kama mtu anavyoona uso wa nduguye. Pampu ile ikizunguka ingelimeza, shafti ingepinda, na mitaa ya upande wa juu ingebeba ndoo mpaka kifaa kipya kiagizwe kutoka mbali. Aliona pia barua iliyoko mezani. Alikumbuka kwamba hakuna aliyemwona akifunga. Pampu ikiharibika, kisanduku cha kufunga kingejieleza, na watu wa kufunga wangesema hawakuifunga wao, na nani angewaamini?

Nitamtendea haki: wazo hilo lilimpitia, nalo halikukaa. Lakini pia halikumfanya jasiri papo hapo. Alifanya alichofundisha wengine. Aliufuata mshale. Aliomba radhi kwa wageni, akatembea hadi kwa Mama Nyapara, akasema chini kwa chini:

"Zuia."

"Nizuie nini, mkubwa?"

"Wasiwashe. Tambara liko ndani ya mdomo."

"Nani kaliweka?"

"Mimi. Jana. Niliifunga mimi."

Mama Nyapara alimtazama juu mpaka chini. "Mbona kwenye kisanduku cha kufunga jina lako halimo?"

"Mama, nakuomba."

"Hiyo ni changamoto, au ni tatizo? Maana matatizo hatupokei."

Lazima isemwe kwamba mwanamke yule alistarehe. Alikuwa amekaa na neno hilo kinywani miezi, akalitafuna sasa mpaka utamu wa mwisho, na pampu ya mji mzima ikiwa nyuma yake. Aliyekuwa na koti la buluu tayari alikwisha kuinua mkono, kwani Mkurugenzi, akiona maelezo yamekatika, alimpa ishara aendelee.

Mshale akauvuka mstari.

"Usiwashe," alisema.

"Mkubwa, umekanyaga manjano," alisema yule wa buluu, kwa wema kabisa.

"Usiwashe. Mimi ndiye niliyefunga."

Hakupaza sauti, ila karakana ina mwangwi. Mkurugenzi alicheka cheko la kuwaambia wageni kwamba hili nalo limepangwa. Mshale aliomba spana, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mtu akamrushia kitu bila kuuliza kisanduku. Akafungua bomba akiwa ndani ya suti, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akavuta. Tambara lilitoka jeusi, refu, likidondosha grisi kwenye viatu vyake, mbele ya bodi nzima.

"Nililiona," alisema Kijiko.

Watu wote wakamgeukia.

"Asubuhi, nikiunganisha. Nikasema, hili si la kwangu. Kisanduku changu ni kufunga bomba, kuchungulia ni cha nyuma."

"Uliliona, ukalifungia?" Mama Nyapara aliuliza. Starehe yake yote ilikuwa imemwishia usoni.

"Si tuliambiwa?"

"Uliambiwa na nani uwe mpumbavu? Usinifichie ujinga wako ndani ya kisanduku cha mtu." Kisha akaitazama pampu, maana alikumbuka alikuwa wapi yeye dakika hiyohiyo, na neno gani lilikuwa mdomoni mwake.

Bomba lilirudishwa. Yule wa buluu alirudi nyuma bila kuagizwa, akasimama kati ya mafundi, na koti lake likaonekana kama amelikopa. Mshale akabonyeza swichi. Pampu ilinguruma, ikatulia kwenye sauti yake nene iliyo sawa, maji yakapanda. Yule mama wa miwani alipiga makofi. Wengine walimfuata, wasijue wanashangilia nini.

Katika hotuba ya kuagana Mkurugenzi alisema kwamba wageni wamejionea wenyewe mfumo unavyoweza kujisahihisha. Chuo cha aibu, kama kipo, mtu huyu hakupita hata mbele ya lango lake. Bodi ilimpongeza. Alasiri alimwita Mshale ofisini, na barua haikuwa mezani.

"Umetuaibisha," alisema. "Kiongozi wa mabadiliko anayefanya kazi kwa mikono yake anatoa picha mbaya."

"Naelewa, mkuu. Nirudi kwenye ukaguzi."

Mkurugenzi alifungua karatasi ya muundo, akaitafuta nafasi hiyo kwa kidole, kwa uangalifu wa kweli. "Haipo," alisema. "Uliiondoa vizuri sana."

Kwa siku kadhaa mhandisi yule alikuja kazini akiwa hana pa kuketi. Alisimama karibu na dirisha ilipokuwa meza yake, akajifanya anasubiri mtu. Mafundi walimpita. Hawakumcheka mbele yake, jambo ambalo ni baya zaidi. Mwishowe Mama Nyapara alimjia.

"Kuna pampu ya majitaka," alisema. "Imekaa nyuma ya karakana tangu mvua. Hakuna anayeitaka."

"Unaniadhibu?"

"Nakuadhibu, ndiyo. Na mimi najiadhibu, nitakusaidia kuifungua. Pale juzi nilikawia." Aliangalia pembeni. "Lete glavu zako, hizi za hapa zimetoboka."

Mama mkwe, alipopata habari, alivuta pumzi akasema afadhali majitaka, yana harufu yake inayojulikana. Mkewe aliuliza kama mshahara utapungua. Akaambiwa utapungua. Akaliondoa koti la mikutano kwenye msumari, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku la nguo.

Meneja mpya wa Mabadiliko aliletwa kutoka nje, kijana mwenye kalamu za rangi nyingi. Huyu hakuamini mishale kabisa, aliamini miduara. Siku yake ya kwanza aliwaita wote ukumbini aeleze jinsi kila mtu alivyo ndani ya duara la mwenzake. Kijiko alitumwa kuzunguka nyuma kumwita mhandisi, akamkuta amepiga magoti kwenye tope, kichwa kikiwa nusu ndani ya chuma.

"Mkubwa, tunaitwa. Wote bila kubakiza."

"Siwezi. Pampu iko wazi."

"Atauliza."

"Mwambie iko wazi," alisema Mshale, na sauti yake ikatoka ndani ya pampu kama ya mtu aliye mbali. "Nipe hiyo tochi kwanza, ndipo uende."